Lugha ya Tatu: Kiingereza katika Madarasa ya Juu ya Shule za Msingi za Magu

Katika vitabu vya kumbukumbu vya aina hii kurasa nyingi huwa za majengo na wafadhili wake, na ndivyo ipasavyo. Sisi tulioombwa kuandika habari za elimu tumeona tusiandike orodha ya shule na miaka ya kufunguliwa kwake. Tumechagua jambo moja tu: jinsi watoto wa Magu, wa kwetu na wa majirani zetu, walivyofundishwa Kiingereza katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Tumelichagua kwa sababu katika jambo hili familia za hekalu letu na familia za jirani zimepita njia mbili zilizotengana, zikakutana kwa muda mfupi, kisha zikatengana tena. Kila upande umepata kitu na kila upande umelipa.

Magu iko kilomita zipatazo 60 mashariki ya mji wa Mwanza, kando ya barabara ya Musoma, kusini mwa Ghuba ya Speke. Mpaka mwaka 2012 wilaya ilifika hadi Nassa na Lamadi, nchi ambayo sasa ni Busega katika mkoa wa Simiyu. Tunaposema Magu katika sura hii tunamaanisha Magu ile pana ya zamani. Ni nchi ya pamba, mpunga, dengu na choroko, na ya samaki upande wa ziwa. Mtoto wa huko huzaliwa katika Kisukuma. Kiswahili hukikuta barabarani, mnadani, na hasa shuleni. Kiingereza huja baada ya hapo, kikiwa lugha ya tatu. Watu wa Dar es Salaam wanaojadili lugha ya elimu husahau jambo hilo, wakadhani kila mtoto wa Tanzania ametoka nyumbani na Kiswahili mdomoni.

Kwa mtoto wa duka la Kihindi hesabu ilikuwa ndefu zaidi. Nyumbani Kigujarati au Kikachchi, dukani Kiswahili, kwa wateja wa vijijini Kisukuma, na shuleni Kiingereza. Wazee wetu waliokulia katika vituo vya biashara vya barabara hii hutuambia kwamba walijua kuitikia "mwangaluka" kabla hawajajua kusoma hati yoyote. Kujua lugha nne hakukuhesabiwa kuwa elimu. Kulihesabiwa kuwa biashara.

Wafanyabiashara hao walifika ziwani kwa wingi baada ya reli ya Uganda kufika Kisumu mwaka 1901, wakavuka kwa meli hadi Mwanza, kisha wakasambaa kufuata pamba. Hesabu zao waliziandika kwa Kigujarati katika vitabu virefu vyenye jalada jekundu, ambavyo mpaka leo huombewa baraka hekaluni wakati wa Diwali, katika ibada ya Chopda Pujan. Jirani anayetuona tukiweka vitabu vya hesabu mbele ya Lakshmi na Saraswati pengine hushangaa. Lakini vitabu hivyo viliwahi kuwa sababu ya mgogoro mkubwa. Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilileta sheria za leseni na kodi ya faida zilizotaka hesabu za biashara ziandikwe kwa lugha ambazo Kigujarati hakikuwamo. Wafanyabiashara wa Kihindi walifunga maduka yao kwa wiki kadhaa kuanzia Aprili mwaka huo. Historia hutaja mgomo ule kama ugomvi wa kodi, na kweli ulikuwa wa kodi. Kwa mwenye duka ambaye hakujua hati nyingine, ulikuwa pia ugomvi wa lugha: aliambiwa kwamba maarifa aliyokuwa nayo hayakuwa maarifa mbele ya serikali. Tunaamini kwamba hofu ya Wahindi wa Tanganyika juu ya Kiingereza, ile iliyowafanya baadaye wakikimbilie, ilipata nguvu katika miezi ile.

Shule za wakati wa Waingereza zilipangwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja na bajeti yake, mitaala yake na lugha yake. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ambayo mmoja wa wajumbe wake alikuwa James Aggrey wa Gold Coast, ilipita Afrika Mashariki, na ushauri wake ukakubaliana na mwelekeo wa serikali: mtoto aanze kwa lugha ya nchi, lugha ya Ulaya ije baadaye. Katika Tanganyika lugha ya nchi ikawa Kiswahili, ambacho Wajerumani walikwisha kukiweka maofisini na shuleni. Kisukuma kikabaki kanisani na katika shule ndogo za vijijini za misheni, kama zile zilizotokana na kazi ya Nassa, ambako wamisionari wa CMS walitangulia na kuwakabidhi wenzao wa Africa Inland Mission mwaka 1909.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mfumo wa shule za Waafrika ulipangwa upya: darasa la 1 hadi la 4 shule ya msingi, la 5 hadi la 8 shule ya kati. Hapo katika shule ya kati ndipo Kiingereza kilipokuwa na uzito. Kadiri mwanafunzi alivyopanda ndivyo kilivyochukua nafasi ya Kiswahili, na mtihani wa darasa la 8 ulikuwa mlango wa Bwiru, wa Tabora na wa kila kazi ya ofisini. Wengi hawakufika hata darasa la 5. Aliyefika alikuwa amechujwa, na mara nyingi alitembea mbali au alilala bwenini. Kiingereza cha watu hao wachache kilikuwa imara. Wazee wa Magu waliomaliza darasa la 8 miaka ya 1950 waliweza kuandika barua ya Kiingereza ambayo mhitimu wa kidato cha 4 wa leo angeihangaikia. Huo si ushahidi kwamba zamani walimu walikuwa bora. Ni ushahidi kwamba walifundisha watoto wachache waliochaguliwa, na waliobaki nje hawakuandika barua yoyote.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa mtoto aliyetoka mbele zaidi ya barabara hiihii. Julius Nyerere wa Butiama aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka kama 12, na lugha yake ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alikipata shuleni, Kiingereza baada yake, na mwaka 1937 alikuwa Tabora. Lugha ya tatu haikumzuia kutafsiri "Julius Caesar" ya Shakespeare, tafsiri iliyotoka mwaka 1963. Mfano huo hutumiwa sana na wasiotaka mabadiliko. Wanasahau kuuliza ni wangapi walioanza naye.

Tukae kidogo katika Bara Hindi, maana mbinu zilizotumiwa kufundisha Kiingereza huku zilijaribiwa kwanza kule. Kila mwanafunzi wa historia ya India hujua waraka wa Macaulay wa Februari 1835, uliotaka elimu ya Kiingereza izae tabaka la wakalimani kati ya watawala na watawaliwa. Asiyejulikana sana ni Michael West, mwalimu Mwingereza aliyefanya kazi Dacca, Bengali. Mwaka 1926 alichapisha utafiti juu ya watoto wa Kibengali wanaojifunza Kiingereza, kisha akatunga vitabu vya kusomea vyenye maneno machache yaliyopimwa, ambavyo vilienea katika makoloni ya Uingereza, ya Afrika yakiwemo.

West aliuliza swali ambalo tunaliona bado halijajibiwa Magu. Alilitoa katika biashara ya bima. (Neno bima lenyewe limefika katika Kiswahili kutoka kwetu Bara Hindi, kama duka, gari na laki.) Mtu akikata bima ya miaka 20 na kuacha kulipa mwaka wa 7, kampuni humrudishia kiasi fulani, hiyo ndiyo thamani ya kuachia njiani. West akasema: watoto wengi wa Bengali wanaacha shule kabla ya kumaliza kozi ya Kiingereza. Je, kile walichojifunza mpaka siku ya kuacha kina thamani gani mikononi mwao? Kwa hesabu yake, kufundisha kuzungumza kwa miaka michache huacha karibu hakuna kitu, maana mtoto hana wa kuzungumza naye kijijini. Kufundisha kusoma huacha angalau uwezo wa kusoma kitabu rahisi, na uwezo huo unaweza kukua wenyewe. Mtu anaweza kubishana na jibu lake. Swali lenyewe haliepukiki.

Gandhi alikwenda mbali zaidi. Katika kitabu chake "Hind Swaraj", alichokiandika kwa Kigujarati ndani ya meli mwaka 1909, alishikilia kwamba kuwapa mamilioni elimu ya Kiingereza ni kuwatia utumwani. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alikitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza. Hatusemi hivyo kwa kejeli. Tatizo zima lipo katika miaka hiyo miwili.

Sasa tufike mwaka 1957, ambao kwa watu wetu ni mwaka mkubwa kuliko wengi wanavyojua. Mpaka wakati huo shule nyingi za msingi za Waasia katika Afrika Mashariki zilifundisha madarasa ya chini kwa Kigujarati, Kipunjabi au Kiurdu, na Kiingereza kiliingia hatua kwa hatua katika madarasa ya juu. Mwaka huo jijini Nairobi lilianza jaribio la kufundisha watoto wa Kiasia kwa Kiingereza tangu darasa la 1. Hoja ilikuwa ya kweli: darasani walikaa pamoja watoto wa lugha tatu au nne, na kuzifundishia zote ilikuwa taabu. Kituo maalumu kikaundwa, vitabu vikatungwa, nyimbo na michezo ikaingia mahali pa kukariri, na matokeo yakasifiwa. Miaka michache baadaye mbinu hiyo ikachukuliwa katika shule za Waafrika Kenya. Kwa hiyo msingi wa shule za Kiingereza tangu darasa la 1, ambazo leo kila mzazi mwenye uwezo anazitafuta, uliwekwa kwanza na watoto wa Kihindi.

Shule za jumuiya za Tanganyika nazo zikaelekea hukohuko. Wazazi wa Mwanza na wa vituo vidogo kama Magu, waliokuwa wakipeleka watoto mjini kukaa kwa ndugu ili wasome, walishukuru. Kigujarati kikawa somo la jioni, kisha la Jumapili, kisha la bibi. Leo tuna vijana katika jumuiya hii waliosoma hadi shahada ya pili ambao hawawezi kusoma ukurasa mmoja wa kitabu cha hesabu cha babu yao. Hati yetu, isiyo na ule mstari wa juu wa Kihindi, wanaiona kama urembo. Kwa mizani ya West tulipata thamani kamili ya bima yetu. Tulilipa kwa kitu ambacho hakikuandikwa katika mkataba.

Upande wa pili majirani zetu walichukua uamuzi tofauti, na kwa muda mfupi njia zetu zilikutana. Sheria mpya ya elimu iliyoanza kufanya kazi Januari 1962 iliondoa ubaguzi wa rangi katika kuandikisha wanafunzi, na watoto wa kwetu wakaketi dawati moja na watoto wa Kisukuma. Lakini shule zilibaki za aina mbili kwa lugha: zilizokuwa za Wazungu na Waasia zilifundisha kwa Kiingereza, na nyingine kwa Kiswahili zikielekea Kiingereza madarasa ya juu. Mwaka 1967 tofauti hiyo ikaondolewa. Baada ya Azimio la Arusha Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia tangu darasa la 1 hadi la 7, na Kiingereza kikabaki somo.

Waraka wa "Elimu ya Kujitegemea" wa Machi 1967 ulieleza sababu kwa uwazi ambao ni vigumu kuupinga. Watoto wengi mno wataishia shule ya msingi. Kwa hiyo shule ya msingi iwe elimu kamili kwa maisha ya kijijini, isiwe chumba cha kungojea sekondari. Ukikubali hoja hiyo, kufundisha hesabu na sayansi kwa lugha ambayo mtoto ataiacha darasa la 7 ni kupoteza muda wake. Kwa miaka kadhaa watoto wa Magu walijifunza mbolea, afya na historia ya nchi yao kwa lugha waliyoielewa, na tunaona hilo lilikuwa jambo jema. Ufa ulikuwa mmoja: kidato cha 1 kilibaki kwa Kiingereza. Wachache waliopita mtihani waliruka kutoka mtumbwi mmoja kwenda mwingine ziwa likiwa wazi katikati.

Watoto wa kwetu hawakukaa muda mrefu katika madawati hayo ya pamoja. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa, na familia nyingi za Kiasia zikaondoka nchini. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ikafunga maduka ya watu binafsi vijijini. Vituo vya barabara ya Musoma vilibaki na majengo yenye tarehe za Kigujarati juu ya milango na hakuna wa kuzisoma. Waliobaki walihamia Mwanza mjini, na hekalu likawa mahali pa kukutana kwa watu ambao zamani wangekutana njiani.

Jambo lililobadilisha zaidi darasa la Kiingereza la Magu lilitoka Musoma. Novemba 1974 chama cha TANU kilipokutana huko kiliamua kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Uamuzi ule ulikuwa mkubwa na wa haki, na shule zilijengwa kwa nguvu za wananchi kwa kasi ambayo nchi tajiri zingeionea wivu. Lakini walimu hawajengwi kwa matofali. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la 7 walichukuliwa, wakafunzwa ualimu vijijini mwao kwa masomo ya posta, ya redio na ya kukutana na wakufunzi, huku tayari wakifundisha. Katika hesabu na Kiswahili walifanya kazi ambayo taifa halijawashukuru vya kutosha. Katika Kiingereza waliombwa kutoa kitu wasichopewa. Mwalimu ambaye Kiingereza chake ni cha darasa la 7 alimfundisha mtoto wa darasa la 6, na mtoto huyo baadaye akawa mwalimu. Mzunguko huo haukuwa kosa la mtu mmoja, ulikuwa hesabu.

Yafaa tueleze mambo yalivyo ndani ya darasa lenyewe, kwa sababu wanaolaumu watoto kwa kawaida hawajaingia. Kisukuma kina irabu 7, si 5 kama Kiswahili, na hutofautisha irabu fupi na ndefu. Maana yake ni kwamba mtoto wa Kahangara au Kabila ana sikio lililokwisha kuzoea tofauti inayofanana na ile iliyopo kati ya "ship" na "sheep", tofauti ambayo mtoto wa Kigujarati huihangaikia. Lakini hakuna anayemwambia. Anafundishwa Kiingereza kupitia Kiswahili, na kwa sauti 5 za Kiswahili, hivyo faida aliyotoka nayo kwa mama yake inapotea kabla ya kutumika. Kinyume chake, Kisukuma hakitenganishi "r" na "l", na kwa hilo watoto huchekwa mpaka wanyamaze: "rice" ikawa "lice", darasa zima likaangua kicheko. Watoto wa kwetu nao walichekwa kwa kuchanganya "v" na "w". Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na kaka na dada wa kutusahihisha nyumbani, na magazeti ya Kiingereza juu ya kaunta. Kucheka kwa darasa si jambo dogo. Mtoto aliyechekwa darasa la 5 anaweza kumaliza la 7 asitamke tena neno la Kiingereza kwa hiari. Zipo shule zilizozidisha kwa kumvisha kibao shingoni aliyekutwa akizungumza lugha ya nyumbani. Adhabu hiyo imefundisha ukimya kuliko ilivyofundisha Kiingereza.

Mtihani wa mwisho nao ulikuwa na mchango wake. Kwa miaka mingi maswali ya Kiingereza ya darasa la 7 yalikuwa ya kuchagua jibu. Mwalimu mwenye busara alifundisha kuchagua. Mtoto angeweza kufaulu bila kuwahi kuandika aya moja yake mwenyewe, kisha Januari akakutana na mwalimu wa baiolojia anayemtaka aeleze.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 taifa lilikaribia kuziba ufa ule. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nayo ianze kufundisha kwa Kiswahili, kuanzia kidato cha 1 mwaka 1985. Serikali haikukubali. Nyerere mwenyewe, aliyekitukuza Kiswahili kuliko kiongozi yeyote, alisema katika miaka hiyo kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia na hakifai kuachwa kife. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima wanafunzi wa ngazi mbalimbali. Waliona kwamba ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha 4 waliokuwa na kiwango ambacho mtu angetarajia wawe nacho ndipo waanze kufundishwa kwa Kiingereza. Yaani wengi walikuwa wamemaliza safari kabla ya kuwa tayari kuianza. Mtu angetarajia baada ya kipimo hicho lugha ibadilishwe. Badala yake ulikuja mradi wa msaada wa Uingereza wa kuimarisha Kiingereza cha sekondari, vikaja vitabu vya hadithi nyepesi, na kozi ya wiki za mwanzo za kidato cha 1 ya kuwazoesha wanafunzi lugha. Wiki chache za kufanya kazi ya miaka mitano.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliendelea na Kiswahili katika shule za msingi za serikali, lakini ni katika miaka hiyo ya 1990 shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza zilipofunguliwa kwa Watanzania. Hapa njia zetu na za majirani zikatengana tena. Hatutaki kuipamba habari hii: watoto wa hekalu letu karibu wote walikwenda upande mmoja. Mabasi ya njano huwachukua kabla ya jua kuchomoza, na jirani mwenye kipato hufanya vivyo hivyo kwa mwanawe. Asiye na kipato humpeleka mtoto katika shule ambayo watu wameibatiza kwa utani Mtakatifu Kayumba. Utani huo una uchungu ndani yake. Mwaka 1962 sheria ilikataza kumpanga mtoto kwa rangi. Ada imempanga upya, na mstari wa mpaka ni uleule wa lugha. Ndani ya kamati yetu wapo wanaoona maneno haya ni makali mno kwa kitabu cha sherehe, kwamba mzazi ana haki ya kumtafutia mwanawe kilicho bora. Haki hiyo hatuikani. Tunasema tu kwamba wazee waliosoma pamoja katika miaka michache ya 1960 bado hutembeleana wakati wa misiba, na hatuoni ni wapi wajukuu wao watajuana.

Kuhusu miaka ya karibuni tutakuwa wafupi, maana wasomaji wameiona wenyewe. Mpango wa MMEM uliondoa ada za shule ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, MMES ya mwaka 2004 ikaleta shule za kata, na elimu bila malipo ya mwaka 2016 ikajaza madarasa. Kuanzia mwaka 2015 madarasa mawili ya kwanza yaliachiwa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na Kiingereza kikaanzia darasa la 3. Tuliona huo ni utaratibu wa busara, ingawa uliwapunguzia muda wale wasio na Kiingereza kingine popote. Toleo la 2023 la sera ya elimu linafupisha shule ya msingi kuwa ya miaka 6 na kufanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10.

Badiliko hilo la mwisho ni zito kuliko linavyosikika. Hoja ya mwaka 1967 ilisimama juu ya ukweli kwamba wengi wataishia shule ya msingi. Ukweli huo unaondoka. Kila mtoto wa Nyanguge na Kisesa sasa anatakiwa kuvuka kwenda sekondari, ambako biashara, jiografia na kemia zinamngoja kwa lugha yake ya tatu. Zamani waliozama katika mruko ule walikuwa wachache waliochaguliwa. Sasa wote wanaruka, na madarasa ya juu ya msingi ndiyo gati pekee walilo nalo. Kama gati hilo litaendelea kutumia chaki, kitabu kimoja kwa watoto kadhaa na mwalimu anayeogopa kusema sentensi ya Kiingereza isiyo katika kitabu, basi tutakuwa tumepanua mlango bila kujenga daraja. Zipo njia mbili za kweli: kuipeleka sekondari kwa Kiswahili, kama Makweta alivyotaka, na kufundisha Kiingereza vizuri kama somo; au kuwekeza katika walimu wa Kiingereza wa darasa la 3 hadi la mwisho kwa kiwango ambacho hakijawahi kujaribiwa. Baadhi yetu wanapenda ya kwanza, baadhi ya pili. Wote tunakubaliana kwamba njia ya katikati, ambayo nchi imeifuata tangu 1967, ndiyo ghali kuliko zote.

Katika kukusanya habari za sura hii tulipata vitabu vichache vya zamani vya kusomea Kiingereza, vya shule za Waasia na vya shule za kati, pamoja na madaftari mawili ya mazoezi ya miaka ya 1960 ambamo mtoto ameandika maana za maneno ya Kiingereza kwa Kisukuma pembeni kwa penseli, kazi ambayo mwalimu hakumwagiza. Vinahifadhiwa katika kabati la maktaba ndogo ya hekalu, na vinaweza kuangaliwa na yeyote, muumini au jirani, jioni baada ya aarti. Wenye vitabu vya namna hiyo, vyeti vya darasa la 8, picha za shule za Magu, Nassa au Kisesa, au vitabu vya hesabu vya maduka ya barabara ya Musoma, tunawaomba wavilete ofisini vinakiliwe. Vitarudishwa kwa wenyewe. Anayeweza kusoma Kigujarati cha mkono cha miaka ya 1930 naye anahitajika sana, kwa kuwa kati yetu tuliobaki wanaokiweza ni wawili.